Wengi Wape, Lakini Wengi Wangapi?

Wahenga walituachia methali fupi ya maneno mawili, "Wengi wape," wala hawakutuambia wengi ni wangapi. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, vikaoni kwetu Malava na madarasani, na sikumbuki hata siku moja mtu aliyeinua mkono kuuliza hesabu yake. Mimi mwenyewe sikuuliza mpaka jioni moja ya Novemba mwaka 2024, chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilipoandaa mdahalo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, hapa Kakamega, nami nikateuliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande wa watetezi.

Katibu aliisoma hoja kwa sauti ya mtu anayetangaza maziko: "Kikao hiki kinaamini kwamba bunge lisipitishe sheria yoyote isipoungwa mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote." Mvua ya Kakamega, ambayo haikosi miadi yake ya alasiri, ilikuwa bado inapiga mabati, na waliochelewa waliingia wakikung'uta miavuli na kuomba radhi kwa ishara. Tulikuwa watu wapatao sabini.

Hoja haikuzuka hewani. Tarehe 25 Juni mwaka huo Bunge la Taifa lilikuwa limeupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Saa hiyohiyo vijana walikuwa wamejaa barabarani, wakaingia hata ndani ya majengo ya Bunge. Risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi, akaurudisha ulikotoka. Baadhi ya waliokaa ukumbini jioni ile walikuwa Nairobi siku hiyo. Wengine waliandamana hapahapa mjini. Kwa hivyo, ndugu msomaji, thuluthi mbili haikuwa kwetu somo la hisabati. Tulikuwa tunauliza kama kuna njia ambayo jambo lile lingezuiliwa na kalamu kabla halijazuiliwa na miili ya watu.

Nilianza na Katiba. Kifungu cha 122 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba jambo lolote bungeni huamuliwa kwa wingi wa kura za wabunge waliopo na wanaopiga kura, isipokuwa pale Katiba yenyewe inapoagiza vinginevyo. Kifungu kinachokitangulia kinaweka akidi: wabunge 50 katika Bunge la Taifa, maseneta 15 katika Seneti. Nikawaomba wenzangu watoe simu zao wapige hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 349, bila kumhesabu Spika. Wakiwapo 50, na 26 kati yao wakasema ndiyo, kauli ya Bunge imetoka. Watu 26! Hawajazi matatu mbili za abiria kumi na wanne, na tayari wameamua bei ya unga wa Wakenya wote. Ukumbi ulicheka, nami nikapata nguvu.

Nikaendelea kwamba Katiba hiyohiyo inajua kudai zaidi inapotaka. Wabunge wakitaka kuibadilisha, ni thuluthi mbili. Wakitaka kupitisha mswada ambao Rais ameurudisha, bila kuyatimiza aliyoyataka, ni thuluthi mbili. Wakitaka kumwondoa Naibu wa Rais, ni thuluthi mbili. Nikauliza, kwa nini mlango wa ofisi ya mkubwa uwe na kufuli ya chuma, na mlango wa mfuko wa mama mboga ufungwe kwa kamba ya mkonge? Thuluthi mbili ya wabunge 349 ni 233. Mswada wa Fedha ulipata 195. Ungeanguka palepale ulipokuwa, na Rais asingepata cha kurudisha. Nilipigiwa makofi, nikakaa.

Mpinzani wangu, kaka mmoja wa mwaka wa nne ambaye huzungumza taratibu kama anayepima chumvi, hakupandisha sauti. "Dada yetu ameitaja 195 kana kwamba ni nambari ya aibu," alisema. "Mimi naikumbuka kwa jambo jingine." Akatukumbusha kwamba Katiba, katika vifungu vya 27 na 81, inataka chombo chochote cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Bunge letu halijawahi kulitimiza sharti hilo. Mwaka 2016 uliletwa mswada wa kuirekebisha Katiba ili idadi ya wanawake ifikiwe. Kwa kuwa ulikuwa mswada wa kubadilisha Katiba, ulihitaji kura 233. Ulipigiwa kura mara mbili, Aprili na Mei. Jaribio moja lilipata 178, jingine likapata 195. Mswada mwingine ulipoletwa, tarehe 27 Februari 2019, wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa 174 tu, hata kura yenyewe haikuwa na maana ya kupigwa. Septemba mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kosa la kutotunga sheria hiyo. Halikuvunjwa.

"Mnaona," alisema, "195 ilitosha kutoza kodi na haikutosha kuwaingiza wanawake. Dada yangu mwenyewe, mwanamke, anaomba kila mswada wa nchi hii upitishwe katika tundu lile la sindano lililomfungia nje." Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Kizingiti kikihesabiwa kwa wabunge wote, wala si kwa waliopo, asiyekuja amepiga kura ya kupinga. Mbunge anayekunywa chai hotelini amesema la, bila kutamka, bila kuandikwa, bila mpiga kura wake kumjua. Mwaka 2019 mswada ule haukushindwa na waliosimama kuupinga, bali na viti vitupu. Isitoshe, kufuta sheria nako ni kutunga sheria. Kodi mbaya iliyokwisha kupita ingehitaji thuluthi mbili hiyohiyo ili iondolewe.

Makofi yake yalikuwa marefu kuliko yangu.

Nilipopewa dakika tatu za kujibu nilikimbilia jina lililo langoni mwa chuo chetu. Masinde Muliro aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuchaguliwa. Chama cha KADU kilipoundwa mwaka 1960, Ronald Ngala akawa kiongozi wake na Muliro akawa makamu. Hofu ya KADU ilikuwa hofu ya walio wachache: kwamba Uhuru ukija, jamii kubwa zitajikusanya ndani ya KANU na kuwapimia wengine ardhi na vyeo kwa kibaba wanachokitaka wao. Ndiyo sababu walishikilia majimbo, na ndiyo sababu Kakamega hii, mwaka 1963, ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Lakini walijua kwamba kinachotolewa kwa kura hunyang'anywa kwa kura. Kwa hiyo Katiba ya mwaka 1963 ikatiwa kufuli. Kuibadilisha kulihitaji asilimia 75 ya wabunge katika kila bunge kati ya yale mawili, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, vya haki za kimsingi na vya majimbo vikiwemo, Seneti ilitakiwa kutoa asilimia 90. Seneti ilikuwa na watu 41. Asilimia 90 yao ni 37. Maana yake, nikawaambia wenzangu kwa sauti iliyoanza kutetemeka kwa furaha, maseneta watano tu wenye msimamo wangetosha kuyalinda majimbo daima.

Hapo nikakoma, na nilikoma kwa makusudi. Mdahalo ni mchezo, na mchezaji hamwonyeshi mwenzake jeraha lake. Nilizijua kurasa zilizofuata. Kwa bahati mbaya, na yule kaka pia alizijua.

Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, wabunge na maseneta wake wakavuka upande wa KANU, Muliro akiwa miongoni mwao. Baada ya hapo asilimia 90 haikuwa mlima tena. Majimbo yakapokonywa mamlaka. Mwaka 1965 vizingiti vya asilimia 75 na 90 vikateremshwa hadi 65, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge jingine, ikatoweka. Kizingiti cha 65 kilikuwapo bado Juni mwaka 1982, Kifungu cha 2A kilipoifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria, nacho kikapita bila jasho. "Kufuli haikuvunjwa na mtu," alisema yule kaka. "Ilifunguliwa na wenyewe waliokabidhiwa ufunguo." Kisha akaturudisha kwenye mwezi uliokuwa umepita. Tarehe 8 Oktoba 2024, zaidi ya wabunge 280 walipiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, ilhali 233 wangetosha. Serikali na wapinzani wake wakuu walikuwa wamekwisha kuanza kula chungu kimoja tangu Julai. Wakubwa wakikubaliana, thuluthi mbili ni kizingiti cha kuruka kwa mguu mmoja.

Nisije nikamwonea marehemu. Mwaka 1975, Bunge lilipojadili ripoti ya kamati iliyochunguza mauaji ya J. M. Kariuki, Muliro alikuwa waziri, naye akapiga kura pamoja na walioiunga mkono ripoti hiyo. Alifutwa kazi. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, na Desemba mwaka huo Kifungu cha 2A kikaondolewa. Yeye akafariki Agosti 1992. Huwa najiuliza alikuwa anawaza nini katika ile miaka kumi na moja ya kati, baada ya kuiacha asilimia 90 iende, kabla hajasimama na kuipoteza wizara kwa kura ambayo haikuhitaji zaidi ya wingi wa kawaida. Ukumbini sikuyasema haya. Kengele ililia.

Nilirudi kitini, na badala ya kumsikiliza msemaji wa tatu nikajikuta niko nyumbani.

Babu yangu, kuka kama tunavyomwita kwa lugha yetu, alifariki mwaka 1998 akaacha shamba la ekari saba kando ya barabara kuu iendayo Webuye, na watoto watano: wana watatu na mabinti wawili. Hati miliki ilibaki kwa jina lake. Ili shamba ligawanywe, mahakama ya mirathi hutaka warithi wote watie sahihi ya idhini. Mmoja akikataa, pande zote husikilizwa na hakimu akaamua. Kwetu hakuna aliyetaka kumpeleka ndugu yake kortini. Hivyo, kwa miaka yote hiyo, ukoo wetu umekuwa bunge la watu watano lenye kizingiti cha asilimia mia moja.

Mwaka 2004 kiliitwa kikao chini ya mwembe, liguru akiwapo. Wanne walikubali shamba ligawanywe mafungu matano yaliyo sawa, shangazi zangu wakipata yao. Baba mkubwa alikataa. Alisema binti hula shamba la alikoolewa. Nilikuwa mtoto wa mgongoni wakati huo, lakini nimesimuliwa kikao kile mara nyingi hata naweza kusema nani alikaa wapi. Wanne kwa mmoja, na mmoja akashinda. Hakuhitaji kumshawishi mtu, wala kutoa hoja ya pili. Alihitaji tu kutoupeleka mkono wake kwenye kalamu.

Mwaka 2010 baba aliugua figo. Alitaka kuuza ekari moja katika fungu lake apate fedha za matibabu. Fungu lenyewe halikuwapo; lilikuwa maneno tu yaliyosemwa chini ya mwembe. Mnunuzi alifika, akaomba kuona hati, akaonyeshwa jina la mtu aliyekufa, akaaga. Baba alifariki mwaka uliofuata. Sisemi kwamba angepona. Madaktari hawakutuahidi hivyo. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa akitoka nje jioni na kuyatazama yale mahindi, kisha anaingia ndani bila kusema neno.

Mwaka 2013 mambo yakageuka. Bei ya ardhi ya kando ya lami ilikuwa imepanda, akapatikana mtu wa kuununua upande wote wa barabarani, ndiko iliko nyumba yetu. Safari hii baba mkubwa alikubali. Baba mdogo alikubali. Shangazi zangu, waliochoka kungoja udongo, walikubali kupewa fedha. Mama alitakiwa kutia sahihi kwa niaba ya marehemu baba na sisi watoto. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta kuku. Liguru alimwekea karatasi na kalamu juu ya stuli. Mama aliisogeza kalamu kwa kidole kimoja mpaka ikaanguka, akasema, "Mtanisamehe, wazee wangu. Mkono huu hauandiki leo." Wanne kwa mmoja tena. Walikaa mpaka giza likaingia, wakaondoka, na kwa miezi mingi hapakuwa na aliyekuja kwetu kuomba hata kaa la moto. Nyumba ingali pale.

Kizingiti kilichomnyima baba fungu lake ndicho kilichotuachia paa. Miaka yote nimekuwa nikikichukia na kukishukuru kwa zamu, wala sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka jioni ile ya mdahalo, nilipokuwa nasikiliza ya maseneta 41. Tulikuwa tumebishana kwa saa nzima kama thuluthi mbili humlinda mnyonge, kana kwamba kizingiti kina macho ya kumtambua mnyonge ni nani. Hakina. Kinachokilinda ni kile kilichopo siku hiyo. Mwaka 2004 kilichopo kilikuwa shamba lisilogawanywa, na aliyefaidika nalo alikuwa baba mkubwa, aliyelilima lote. Mwaka 2013 kilichopo kilikuwa nyumba ya mjane. Mwaka 2016 kilichopo kilikuwa Bunge la wanaume.

Na mwaka 2010 kilichopo kilikuwa rasimu nzuri. Mfano huu ungeniokoa kama ningeukumbuka nilipokuwa nimesimama, lakini ndivyo ilivyo midahalo. Jibu bora huja ukiwa umeshakaa. Rasimu ya Katiba ilipofika bungeni, wabunge walileta mapendekezo zaidi ya 150 ya kuibadilisha, mengi yakiwa ya kujipendelea. Bunge la wakati huo lilikuwa na wabunge 222, na kila badiliko lilihitaji asilimia 65, yaani kura 145. Hakuna hata pendekezo moja lililofika. Tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyoingia, na Agosti wananchi wakaikubali kwa takriban asilimia 67. Kama mabadiliko yangetaka wingi wa kawaida, sijui tungekuwa tunasoma Katiba ya namna gani leo.

Kuna nchi zilizokwenda mbali zaidi, zikafika alikofika baba mkubwa. Katika Poland ya karne za 17 na 18, mbunge mmoja aliweza kuvunja kikao kizima kwa kutamka kwamba hakubali. Majirani wenye nguvu waligundua kwamba kumnunua mbunge mmoja ni rahisi kuliko kupigana vita. Nchi yenyewe ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795. Na katika Seneti ya Marekani, kabla ya mwaka 1975, kufunga mjadala kulihitaji thuluthi mbili, nayo maseneta wa Kusini waliitumia miaka na miaka kuzikwamisha sheria za haki za watu weusi. Nao pia walijiita wachache wanaoonewa.

Nikiulizwa leo, siwezi tena kuitetea hoja ile kwa upana wake. Kizingiti kirefu kiwekwe pale ambapo kosa halirudishiki: ardhi, uraia, uhai wa mtu, mihula ya watawala. Sheria za kila siku zipite kwa wingi wa kawaida, lakini wingi wenyewe usiwe wa watu 26. Angalau nusu ya wabunge wote wawe wamesema ndiyo, yaani 175, majina yao yasomwe, na atakayekunywa chai hotelini ajulikane alikuwa hotelini. Najua pia, na imenibidi niumeze ukweli huu bila maji, kwamba kwa kipimo changu hicho Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ungepita. Kura 195 ni zaidi ya 175. Hakuna hesabu niliyoijaribu, iwe kwenye karatasi au kitandani, ambayo ingeuangusha mswada ule na wakati uleule ikaupitisha ule wa wanawake.

Ulipofika wakati wa kura, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, binti mdogo aliyekaa nyuma kabisa, aliinuka kwa nidhamu akauliza: "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja inayosema kila jambo lipite kwa thuluthi mbili, yenyewe itapita kwa ngapi?" Ukumbi uliangua kicheko, lakini mwenyekiti hakucheka. Alishauriana na katibu, katibu akafungua katiba ya chama, ukurasa ukatafutwa, wakaamua kwamba wingi wa kawaida unatosha. Mikono ikahesabiwa. Walioiunga mkono hoja 38, walioipinga 31. Tukatangazwa washindi. Kwa kipimo tulichokuwa tunakitetea, kura 69 zingetaka 46, na tulikuwa tumeshindwa vibaya. Yule kaka wa mwaka wa nne alinipa mkono akitabasamu. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Mwisho wa juma ule nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Ni mwendo mfupi, lakini nilikuwa na sababu ya kutoufurahia. Baba mkubwa alifariki mwaka 2022, na wanawe, ambao ni watu wa kizazi changu, wamekubali lile alilolikataa baba yao: mafungu matano, shangazi wakiwamo, nyumba yetu ikiwa ndani ya fungu letu. Pendekezo ni lile la mwaka 2004, neno kwa neno. Baba mdogo ametia sahihi. Shangazi wote wawili wametia sahihi. Wana wa baba mkubwa wametia sahihi. Imebaki nyumba ya marehemu baba, na kwa kuwa sasa mimi ni mtu mzima, jina langu limo katika karatasi chini ya jina la mama.

Mama hataki. Hana neno baya juu ya mtu yeyote. Anasema tu kwamba karatasi huja na sura nzuri. Tangu mwaka 2013 ameishi kwa kutotia sahihi, na mtu haachi upesi silaha iliyomwokoa. Wakati huohuo shangazi yangu mkubwa, ambaye ana zaidi ya miaka sabini, anapanga chumba mjini Mumias akingoja mahali pa kujenga kibanda chake katika ardhi ya baba yake. Amengoja miaka ishirini. Kwanza alimngoja kaka yake. Sasa anamngoja mama yangu.

Tulikuwa jikoni tukimenya ndizi alipouliza habari za chuo. Nikamwambia tulikuwa na mdahalo na upande wetu ulishinda.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Kwamba sheria isipite mpaka thuluthi mbili wakubali."

Alimenya ndizi moja mpaka mwisho. "Hiyo thuluthi mbili, katika watu watano, ni watu wangapi?"

Nilipiga hesabu ambayo tayari nilikuwa nimeipiga ukumbini. "Wanne, mama."

"Wanne," alisema, "ndio waliokuja na kalamu."

Sikuwa na la kujibu. Ningeweza kumkumbusha kwamba wanne ndio pia waliotaka kumgawia baba fungu lake mwaka 2004, na kwamba kama wanne wangetosha, baba angekuwa na hati mkononi alipougua. Analijua hilo kuliko mimi. Tulimaliza ndizi, tukazitia sufuriani.

Niliporudi chuoni nilikuja na karatasi ile. Mama hakunikataza kuichukua. Imo katikati ya daftari langu la isimu, sahihi zote zimo isipokuwa zetu mbili. Ya kwangu peke yake haitoshi, lakini mama amesema hataandika kabla yangu, wala hakufafanua kama hilo ni ahadi au ni mtego. Kikao cha ukoo kimeahirishwa mara mbili kwa sababu yetu. Shangazi alipiga simu Jumapili jioni, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza kama mvua inanyesha huku, kisha akanyamaza akingoja.